Lorna Devane na Kimelea Chenye Nyuzi za Waridi

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Port Douglas, familia inawasomea kwa ufupi safari ya mpendwa wetu Lorna.

Alizaliwa Innisfail tarehe 3 Mei 1951, binti wa mkulima wa miwa Alec Petrie na mkewe Doreen, akasoma hapohapo hadi 1968, kisha akajifunza Brisbane kupiga picha za eksirei, kazi aliyoifanya Cairns tangu 1973 hadi alipostaafu 2008. Tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa na Gordon Devane, aliyemfundisha kupiga mbizi, wakajaliwa Neil na Bronwyn, waliokua wakilalamika, "Mama, tunakula!" kila alipotandaza mezani picha za samaki wenye vimelea.

Juni 2009, akipiga mbizi na Gordon kwenye miamba ya matumbawe, Lorna alimwona samaki mdogo kuliko kidole, ana uvimbe ubavuni na nyuzi mbili za rangi ya waridi zinazopepea nyuma, na walipopanda mashuani Gordon akasema, "Mwani huo, umemnasa tu," naye akajibu, "Mwani gani unaota pacha, Gordon?" Akampelekea picha Daktari Ishbel Crane, mtaalamu wa vimelea, akishikilia kuwa ni mnyoo, na Ishbel akamwambia kwamba bila samaki mwenyewe hakuna atakayejua, akamwombea kibali cha kumchukua. Lorna alimnasa samaki yule kwenye kijiwavu, akamtazama, akamwonea huruma, akamwachia, Ishbel akafoka kwenye simu, "Umeuacha ugunduzi uogelee!", wakanuniana karibu mwaka mzima. Lakini hamu ya kujua ilimzidi, akarudi, akamchukua mwingine mwenye nyuzi kama zile, akampelekea Ishbel, na siku hiyo hakula kitu. Ishbel alipokichunguza kimelea, ikabainika kuwa si mnyoo, ni jike la jamii ya kamba na kaa, kichwa chake kimezama hadi kwenye ini la samaki, nyuzi zile ni mayai yake, wala hakuna mwanasayansi aliyewahi kumwandika. "Nimekosea vizuri kweli!" alisema Lorna, akicheka huku analia, na hakuchukua samaki tena maishani.

Februari 2023 alikutwa na saratani ya kongosho, na daktari alipomwonyesha picha, Lorna akamwambia, "Igeuze kidogo, mwanangu, nione imeshikia wapi," Gordon akashindwa kuvumilia, akatoka nje, Lorna akabaki akiuliza mpaka akaridhika. Alifariki nyumbani tarehe 22 Agosti 2023, asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta chakula, wenzake wa eksirei na wa mbizi, na Ishbel, aliyetuambia leo kwamba picha ya mwisho aliyotumiwa na Lorna, ya kitu cheusi kwenye shavu la samaki, bado hajajua ni ya kitu gani.

Pumzika kwa amani, Lorna, jibu likipatikana Gordon atakuja kukuambia.