Saa Moja Kutoka Mwanza

Emanueli Zabron Shemweta alizaliwa hapa Mlalo tarehe 14 Agosti 1974, kitindamimba wa marehemu mzee Zabron na mama Rahabu. Alitanguliwa na dada mmoja, Dorkasi, ambaye ndiye mimi ninayewasomea.

Alimaliza shule ya msingi hapa hapa mwaka 1988, kisha akasoma sekondari Lushoto hadi 1992. Uwezo wa nyumbani ulitosha kusomesha mtoto mmoja, na mtoto huyo sikuwa mimi.

Mwaka 1996 aliajiriwa upande wa mizigo katika uwanja wa ndege wa Mwanza, akapanda hadi kuwa msimamizi. Krismasi ya kwanza aliyokuja kwa ndege alimweleza mama kwamba kutoka Mwanza hadi uwanja wa Kilimanjaro ni kama kilomita mia nne na sabini, na ndege huzimaliza kwa saa moja. Mama akaishika hiyo saa moja. Barabara ya kutoka Kilimanjaro hadi Mombo, na kona zote za kupanda huku, hakuzihesabu kamwe.

Tangu hapo, Emanueli akipiga simu kwamba anapanda ndege, mama alibandika sufuria. Bada ya muhogo ilisongwa, jogoo wangu akachinjwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuonja kabla ya msafiri. Alifika giza limeingia, bada imekuwa jiwe, naye akaila yote huku akicheka. Mimi niliyekata kuni za kuipikia nilikaa na njaa yangu na wivu wangu. Siku moja nilimwambia mama kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

“Fimbo yangu iko saa moja tu,” akanijibu. “Wewe nikikuita hapo ng'ambo ya shamba, mpaka umalize kukama.”

Alifunga ndoa na wifi yangu Anitha mjini Mwanza tarehe 6 Septemba 2003, wakajaliwa Shukrani na Happiness. Harusi niliiona kwenye picha, maana ng'ombe wa mama walihitaji mtu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Alifariki Mwanza tarehe 12 Juni 2025, akiwa na miaka hamsini.

Ya jana hayamo kwenye ratiba iliyochapwa. Anitha alipiga simu kwamba ndege iliyombeba imeruka. Mama aliinuka mkekani, akaenda jikoni, akabandika sufuria. Majirani walitaka kumzuia, kwa kuwa mfiwa hapiki, nikawaomba wamwache. Bada ilipoiva alipakua sahani moja. Nilichukua kawa niifunike kama siku zote, akanishika mkono.

“Kula, Dorkasi,” alisema. “Mwenzio leo hali.”

Sahani hiyo niliitamani miaka yote, na tonge halikupita.

Emanueli ameacha mama, mjane, watoto wawili, na dada aliyepakuliwa kwanza. Mungu ampumzishe kwa amani. Mimi ningeifunika tena ile sahani, nikamngoja kwa njaa ile ile na wivu ule ule.