Mpika Sabuni Aliyekataa Uwakala

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mshona viatu. Alimaliza darasa la saba, na kwa kuwa ada ya kuendelea haikupatikana, alipelekwa kwa mjomba wake, mpika sabuni nyuma ya soko.

Kazi hiyo hakuiacha. Alipika kwenye pipa, akakata miche kwa waya, na kila mpiko aliugusa kwa ncha ya ulimi. Ukichoma, haujaiva, hauuzwi. Mwaka 1988 alimwoa mteja aliyemwambia mche wake umepinda kama mwenyewe. Alimjibu, "Basi chukua vyote viwili, nikupunguzie." Walijaliwa binti mmoja.

Mwaka 2014 serikali iliipa kampuni moja tu kibali cha kuingiza kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Ilisemekana bidhaa mbovu zingekwisha. Bei ikapanda mara tatu, na kostiki ikawa leo kali, kesho imepoa, wala hapakuwa na duka la pili la kukimbilia. Wapishi wenzake wakafunga mmoja mmoja. Akina mama wakabaki na sabuni ya kampuni hiyohiyo, wakifulia vipande.

Wakala wa kampuni akamfuata: aache kupika, auze ya kwao, apewe duka. Mkewe alimsihi akubali.

"Nikikubali, bibie, wanunuzi watakwenda wapi?"

"Wanunuzi hawatatulipia kodi, baba."

Alicheka, akarudi kwenye pipa.

Mwaka 2021 ulimi ulitoka vidonda, maumivu yakashuka kooni. Madaktari walisema ni saratani, chanzo hawakukitaja. Alifariki hospitalini alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, mkewe akiwa amemshika mkono.

Alhamisi ijayo alikuwa azungumze mbele ya kamati inayokipitia upya kibali hicho cha kostiki. Binti yake, anayepika sasa, amesema atasimama mahali pake. Tangu aseme hivyo, mama hapati usingizi. Juzi wakala alikuja msibani, akatoa pole, kisha akauliza taratibu, "Na binti naye atakwenda?" Mama alimmiminia chai.

Kwa kuwa aliyeuliza yupo hapa makaburini, mama ameomba jibu lisomwe hapa: watakwenda wote wawili, na mama ndiye atakayetangulia kuingia.

Marehemu ameacha mjane, binti, wajukuu wawili na kaka mmoja. Mungu ampe pumziko ambalo kazi haikumpa.