Ilipita Langoni Tu

Wapendwa, leo nawaomba msinipigie vigelegele. Nasema mapema kwa sababu nawajua, mtu akishika tu maikrofoni hapa mnaanza. Ngojeni nimalize. Mkitaka kunipigia basi, sawa, na mkitaka kunitoa nje, pia sawa. Sikuja kutoa ushuhuda. Nimekuja kuurudisha ule niliotoa.

Mnaukumbuka. Nilisimama hapa hapa nikapaza sauti, "Gari imepita!" Mkacheza mpaka kitambaa cha mama mmoja kikadondoka. Wageni mlio nasi, niwaeleze: nina pikapu, niliachiwa na marehemu baba watoto, na ndiyo inatulisha. Siku za soko nabeba mboga za akina mama kutoka Pap Onditi kuleta hapa mjini. Gari ya biashara lazima ipelekwe ukaguzi kila mwaka. Jumapili kabla sijaipeleka, mchungaji alitoka nje akaweka mkono kwenye boneti, nanyi mkaizunguka mkaomba. Yawa, hakuna gari Kisumu nzima iliyoombewa namna ile.

Nikaipeleka. Mkaguzi, kijana mpole, akaipandisha kwenye mashine ya breki, akaingia chini na tochi. Alipotoka hakuniangalia usoni. Akasema, "Mama, gari imeanguka."

Nikamwambia, "Imeanguka wapi na si hiyo imesimama?" Mdomo wangu mnaujua. Hakucheka. Akanionyesha bomba la mafuta ya breki, limeliwa na kutu mpaka linatoa jasho. Breki za nyuma hazishiki. Akaniandikia karatasi, akanisomea pole pole: "Kutoka hapa unaenda gereji. Ukitoka gereji unarudi hapa. Bila mzigo, bila abiria. Hapo katikati hakuna safari nyingine. Na kwa hizi breki, Mama, afadhali ivutwe."

Ndugu zangu, nawaambia, gari ikianguka ukaguzi si mwisho wa dunia. Sheria yenyewe ilinifungulia mlango: tengeneza, rudi, jaribu tena. Fundi wangu yuko Kaloleni, si mbali. Lakini mimi nilikuwa nawaza kitu kimoja tu. Nitawaambia nini watu walioomba? Watasema Mungu hakusikia, ama watasema huyu mama ana dhambi fulani. Kiburi, jamani. Kiburi kimevaa sare ya kanisa.

Basi Jumapili ikafika, nikaitwa mbele, nikasema imepita. Na mnajua nilivyojidanganya moyoni? Nilijiambia, si uongo. Si ilipita? Ilipita langoni ikiingia, ikapita langoni ikitoka. Mnacheka. Mimi nililala usingizi mzuri kwa hilo neno.

Nikishasema hivyo mbele yenu, sasa nitaipelekaje kwa fundi? Kaloleni nzima mnapita pale, mtauliza, "Hii iliyopita juzi inafanya nini hapa?" Nikaendelea na kazi. Ile karatasi nikaiweka kwenye dashibodi kama hirizi. Polisi akinisimamisha namwonyesha, "Naenda gereji, afande." Nilienda gereji wiki tano na sikufika hata siku moja.

Kulikuwa na afande mmoja, mwanamke, anasimama njia ya Ahero. Asubuhi akaniuliza gereji iko wapi, nikamwambia Pap Onditi. Jioni ananiona narudi, "Mama, na sasa?" Nikasema Kaloleni. Akaangalia nyuma. "Na hizi mboga za sukuma?" Nikajibu, "Za fundi." Akasema, "Mama, siku nyingine nitakutana na wewe vibaya." Akaniachilia. Niliogopa mpaka daraja, halafu nikasahau.

Lakini pedali haikusahau. Mwanzoni nakanyaga mara moja, inashika. Halafu mara mbili. Wiki ya nne nakanyaga mara tatu ndiyo inashika, na mguu umekaribia sakafu. Nikaanza kuendesha kwa hesabu, nikiona tuta mbele naanza kupampu nikiwa mbali. Na akina mama nyuma wanapiga hadithi. Hakuna aliyejua ila mimi. Huo ni upweke mbaya, sijawahi kuona mwingine.

Sasa nafika kwa siku yenyewe. Kuna dayo mmoja, bibi yetu wa kanisa hili, yuko hapa, sitamtaja, anajijua. Alikuwa anakuja mjini kliniki ya macho. Nyuma ilikuwa mboga tu siku hiyo, akaniomba lifti kutoka Pap Onditi. Ningesema gari imejaa. Ningesema lolote, mimi ni bingwa wa maneno. Akapanda mbele, akashika kikapu chake magotini, akasema, "Magari mengine naogopa, mwanangu. Hii imepita."

Wapendwa, njia yote alikuwa analirudia. Kwenye shimo, "Lakini hii imepita." Lori ikitupita kwa nguvu, "Hao waende, sisi yetu imepita." Kila akisema nasikia kisu. Ningeweza kusimama Ahero. Ningeweza kusimama popote. Nilijiambia, tufike tu leo, kesho naipeleka kwa fundi, haki ya Mungu.

Tukaingia Nyalenda. Mnajua pale kwenye kioski cha maji, barabara inavyobanwa na foleni ya mitungi. Akina mama walikuwa wengi, wengine wameinama wanachota. Nikapampu moja. Mbili. Ya tatu pedali ikalala kwenye sakafu na haikurudi. Hakukuwa na kitu chini ya mguu wangu, ni kama kukanyaga uji. Nikavuta breki ya mkono, ikalia tu. Nikarudisha gia, gari ikaunguruma, inaenda bado. Nikapiga honi na nikapiga kelele, "Tokeni! Tokeni!" Nikaona mgongo wa mama mmoja ameinama, hajasikia, kitenge chake cha manjano nakiona mpaka leo. Nikakata usukani kulia, kwenye lundo la mchanga wa mtu anayejenga.

Tukasimama. Mitungi ilipasuka, maji kila mahali. Yule wa kitenge alikuwa ameruka mtaroni, anatukana, mzima. Nikasema asante Yesu. Halafu nikasikia Dayo analia kwa sauti ndogo. Mkono wake ulikuwa umegonga dashibodi, umevunjika.

Watu wakajaa. Afande akaja, na kumbe ni yule yule wa njia ya Ahero, siku hiyo yuko zamu ya mjini. Na mimi, aibu yangu, mkono wangu wenyewe ulichukua ile karatasi ukampa. Nikasema, "Naenda gereji." Nikiwa na mboga nyuma na bibi kizee analia mbele!

Hakunifokea. Aliisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, watu wote wakisikia. Gari imeanguka ukaguzi. Bila mzigo. Bila abiria.

Dayo akageuza kichwa. Akaniuliza, "Abiria ni mimi?"

Nilikosa pa kuweka uso. Nikajibu, "Ni wewe, Dayo. Gari haikupita. Niliwadanganya." Wakampeleka hospitali na mimi nikapelekwa stesheni.

Kortini nilikubali kosa, nikaadhibiwa, sina malalamiko. Gari ilivutwa mpaka Kaloleni. Fundi akaangalia bomba, akaangalia na mimi. "Mama, hii ni kazi ya asubuhi moja." Asubuhi moja! Nikakaa kwenye tairi kuukuu nikalia kama mtoto. Kisha nikamwambia asibadilishe bomba peke yake, abadilishe kila kitu kilichoandikwa, na asinipe gari mpaka yeye mwenyewe aiendeshe.

Siku ya kuirudisha ukaguzi ilinyesha. Nikatoka gereji pole pole, nyuma tupu, kiti cha mbele tupu. Njiani dada mmoja wa kanisa hili amesimama na gunia, amelowa, ananipungia. Nikafungua dirisha nikamwambia, "Leo siruhusiwi kubeba mtu, gari haijapita." Akaniambia maneno ambayo siwezi kuyarudia madhabahuni. Ameketi safu ya pili pale, anajificha nyuma ya daftari. Dada, mos, pole, usijali. Hiyo ndiyo safari ya kwanza niliyoendesha mguu wangu ukiwa umetulia.

Ilipita. Cheti hiki hapa. Lakini msiamini neno langu, nampa mchungaji, baada ya ibada asome kila mstari, mwenye miwani na asiye na miwani asikie.

Namshukuru mkaguzi aliyeniambia ukweli nikamjibu kwa mzaha. Namshukuru afande. Namshukuru fundi, na mama wa kitenge cha manjano, ambaye nilipoenda kumwomba msamaha alinipa kwanza kiti. Na somo langu ni moja. Kitu chako kikianguka, sema kimeanguka. Sisi hapa tunajua sana kuombea kilichoanguka, na hata kukisukuma mpaka gereji. Mngekuja na kamba siku hiyo hiyo, nawajua. Mimi ndiye niliyewanyima nafasi.

Imebaki neno moja. Wiki sita nimekuwa nikienda kwa Dayo kila asubuhi, kwa ndugu zake hapa mjini anakokaa tangu atoke hospitali, namfulia, nampikia uji, kwa sababu mkono ulikuwa kwenye plasta. Ananisalimia, anakunywa, hatuongei mengi. Jana nikamwomba ruhusa nimrudishe nyumbani Pap Onditi leo na gari. Akasema, "Kwanza waambie watu. Nitakuwa nasikiliza."

Dayo, nimewaambia. Sijaficha kitu. Gari iko nje, na kiti cha mbele hakuna aliyekikalia tangu wewe. Ukisema hapana, nitakusindikiza kwa miguu mpaka stendi, na sitakuuliza tena mpaka useme wewe mwenyewe.