Vidoa vya Ini na Wasifu wa Kurasa Nane

Wapendwa wa jumuiya, nimeombwa nisizidi dakika tano, nitajitahidi. Wengi mnanifahamu. Nina stashahada ya ufundi wa majokofu, nimefanya kazi Maskati miaka kumi na moja, nikarudi nikajenga hapa Sinza bila kuchangiwa hata tofali. Sijisifu, nataka mjue ni mtu wa namna gani aliyeanguka.

Tumbo lilikuwa likinijaa gesi, nikaenda kupima utrasaundi. Mpimaji akapitisha kile kidude juu ya ini, akanyamaza. Ndugu zangu, nawaambia, fundi akinyamaza mbele ya mashine, kuna shughuli.

"Mzee, ini lina vidoa vingi vidogo," akasema. "Hapa siwezi kusema ni nini. Kafanye MRI."

Sikwenda. Nilifungua simu, nikasoma habari za vidoa kwenye ini, nikakutana na neno saratani, nikaizima. Kwangu mie jibu lilikuwa limeshatoka.

Nikaanza kuuwaza msiba wangu. Mnajua tunavyosomaga wasifu wa marehemu: alizaliwa, akasoma, akaugua, haya twendeni makaburini. Nikaona hamtanitendea haki. Nikauandika mwenyewe, kurasa nane. Suti zangu mbili nikampa shemeji, nikamdanganya kwamba zimenibana. Alizipokea bila kuuliza swali.

Wiki ya tatu mama watoto akatandika kitanda, akazikuta kurasa chini ya godoro. Akazisoma zote akiwa amesimama.

"Mume wangu, umekufa lini?"

"Bado."

"Humu chumba cha baridi ulichofunga Maskati kina ukurasa mzima. Mie nina mstari mmoja, na umeniandika mjane."

Nikacheka. Halafu kicheko kikakatika, nikalia, mtu mzima, vyeti vyangu vikinitazama ukutani. Nikamwambia ukweli: sikukataa kipimo kwa sababu najua. Nilikataa kwa sababu naogopa.

Hakunipa pole. "Lala," akasema. "Asubuhi tunakwenda wote."

Siku ya majibu tulimkuta daktari binti mdogo tu. Akanipa shikamoo, akanionyesha picha.

"Baba, hii si saratani. Ulipokuwa tumboni mwa mama yako, mirija midogo ya nyongo ndani ya ini haikujipanga sawasawa, ikaacha vifundo. Umezaliwa navyo. Havikudhuru, na havihitaji dawa."

Kumbe nilikwenda navyo Maskati nikarudi navyo, na forodha hawakuona kitu.

"Na tumbo kujaa?"

"Hilo ni jambo jingine. Unakula nini usiku?"

Mama watoto akajibu kwa niaba yangu, kwa kirefu. Mie nikauliza kama watu wengi wana vifundo hivyo. Daktari akasema si wengi. Nikajisikia vizuri.

"Usimwambie hivyo, daktari," mke wangu akasema. "Ataitangazia jumuiya nzima."

Basi ndiyo haya.

Namshukuru mpimaji, hakubahatisha. Namshukuru daktari. Namshukuru mama watoto, aliyenikokota. Shemeji naye nilimfuata. Alimshukuru Mungu kwa ajili yangu, akasema suti ameshazipunguza kwa fundi.

Nawaachia neno moja. Kama kuna mtu hapa ameambiwa arudi kupimwa tena, na karatasi ameificha mahali, asijihukumu kwa jibu la nusu. Anifuate baada ya ibada, hana haja ya kunieleza kitu. Nitamsindikiza, nitakaa naye kwenye benchi mpaka aitwe, na stashahada yangu sitaitaja.