Maisha ya Marlys Brekke, Aliyechora Glavu ya Skoglund

Mchungaji, majirani, wafanyakazi wenzake, na jamaa mliotoka Two Harbors kwenye theluji hii, mimi ni Duane Lindgaard, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea historia ya maisha yake, kazi ambayo yeye mwenyewe asingekubali imfikie mtu kabla hajaipitia mara kumi, kwani hata hiyo karatasi mliyoshika angekuwa ameshaiona kasoro, angesema herufi za jina lake zimeachana mno, na angeomba kalamu.

Marehemu Marlys Jean Brekke alizaliwa tarehe 3 Machi 1954 huko Two Harbors, Minnesota, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Mzee Sigurd Lindgaard, aliyefanya kazi kwenye gati la kupakia madini, na Mama Alma, na tangu utotoni hakujua kutulia, Mama alikuwa akimwambia, "Marlys, kaa chini basi, kiti hakina moto," naye alikaa, lakini huku mikono inapanga vijiko vya watu mezani mpaka vilingane nafasi, na ole wako uguse kijiko chako kabla ya sala.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapo hapo nyumbani, akamaliza mwezi Juni 1972, na mabango yote ya timu ya mpira wa magongo ya shule aliyachora yeye kwa mkono, kisha akaenda chuo cha sanaa Minneapolis, akahitimu mwezi Mei 1976, na mwezi Septemba mwaka huo huo akaajiriwa na kiwanda cha uchapaji hapa Duluth, akikata herufi kwa kisu na kuzibandika kwa nta ya moto. Nawaomba mkumbuke nta hiyo, kwa sababu enzi zile kazi ilikuwa na mwisho, nta ikishapoa na mtambo ukishawashwa, maji yakimwagika hayazoleki, dada yangu anavaa koti anakwenda kwake, na ile ndiyo miaka pekee ninayoikumbuka ambayo alikuwa analala usingizi wa kweli.

Tarehe 16 Juni 1979, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Eldon Brekke, mwalimu wa biolojia, mtu mpole ambaye mnamwona amekaa hapo mbele, na Mwenyezi Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Britta, aliyezaliwa tarehe 22 Novemba 1981, na inasemekana, Eldon ni shahidi, kwamba jambo la kwanza mama mzazi alilomwambia nesi ni kwamba maandishi ya kwenye ukanda wa mkono wa mtoto yamebanana mno.

Mwaka 1984 alifungua ofisi yake mwenyewe, orofa ya pili juu ya duka la viatu, akawa mbunifu wa nembo na vifungashio, na mwezi Februari 1986 akanunua kompyuta yake ya kwanza, mashine yenye rangi ya maziwa yaliyochacha, na hapo ndipo raha ilipomhama, maana kompyuta ile ilikuwa na kitufe cha kutengua, ukikosea unakibonyeza na kosa linafutika, ukibonyeza tena unarudi nyuma zaidi, yaani maji yakimwagika sasa yanazoleka, na mtu wa tabia ya dada yangu ukimpa kitufe cha namna hiyo umemfungulia mlango usio na komeo. Alikuwa akisogeza herufi, anatengua, anasogeza tena, Eldon anaita chakula kimepoa, naye anajibu, "Nakuja, bado nywele moja," na nywele hiyo, upana wa unywele tu kati ya herufi na herufi, ilimaliza jioni nzima.

Sasa ndugu zangu nifike kwenye lile ambalo nyote mnalijua nusu, yaani glavu. Mwezi Oktoba 1988 Mzee Harlan Skoglund, mwenye kampuni ya kusambaza mafuta ya kupashia nyumba moto, alimwomba nembo kwa ajili ya malori yake, na watu wa fani hii wana desturi, mteja hapelekewi mchoro mmoja, anapelekewa mitatu, miwili ya kweli na wa tatu dhaifu, uliochorwa haraka haraka, ambao kazi yake ni kuifanya ile miwili ing'ae. Marlys alihangaika na miwili ya kweli mwezi mzima, mwali wa moto uliotulia na herufi ya S iliyojipinda kama bomba, halafu asubuhi ya kikao, kahawa mkononi, akachora wa tatu, glavu nyekundu ya sufu ya kitoto, ile yenye kidole gumba peke yake na vidole vingine vyote chumba kimoja, na kidole gumba chenyewe kimekaa upande, kama mtu anayeomba lifti na hana hakika aendako.

Mzee Skoglund aliiangalia michoro yote mitatu, akavua kofia, jambo ambalo hakulifanya hovyo, akaweka kidole juu ya glavu, akasema, "Mama, hizi mbili ni za watu wa benki, hii ndiyo ya kwangu." Hapo dada yangu alipaswa kusema hapana, hii si kazi, hii ni kivuli cha kazi, lakini kiburi kilimziba mdomo, akadhani mzee akilala akaamka atajirudi, na kufikia sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba glavu ilikuwa kwenye milango ya malori kumi na moja, na moja kati ya hayo lilikuwa langu, kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimeajiriwa na Skoglund kama dereva, kazi niliyoifanya mpaka nilipostaafu.

Wasomi wa fani yake wana msemo kwamba usimwonyeshe mteja kitu usichotaka kukutana nacho barabarani, na Marlys aliujua msemo huo kabla ya kuuvunja, na adhabu yake ilikuwa kukutana nacho kila asubuhi ya baridi kwa miaka ishirini na minane. Nikipitia kwake kunywa kahawa alikuwa akitoka kizingitini na soksi kwenye theluji, "Duane, hilo lori lako kaliegeshe kwa jirani, kwa akina Halvorson," namwambia, "Dada, hilo ni lori, si mbwa, halitaingia ndani," anasema, "Linaniangalia!" Kila vuli alimpelekea Mzee Skoglund kidole gumba kipya, bure, kimechorwa vizuri, alimfuata ofisini, alimfuata kwenye foleni ya dukani, na mwaka mmoja alimfuata mpaka kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mkewe na mchoro umekunjwa ndani ya mkoba, na mzee anamjibu yale yale, "Marlys, glavu haina ubaya, wewe ndiye huna raha." Ilikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa, ila mimi hadi leo sijui kati ya wale wawili mbuzi alikuwa nani.

Kuna Jumapili ya mwezi Machi 1997 ambayo hakuonekana kanisani, Mchungaji wa wakati ule aliuliza, Eldon akasema ana mafua, kumbe mgonjwa wetu yuko kwenye yadi ya Skoglund, amepiga magoti mbele ya lori langu na kopo la rangi nyeupe, anasahihisha kidole gumba. Nilimkuta hapo, nikamwambia, "Marlys, unaharibu mali ya watu," akasema bila kugeuka, "Naitengeneza, shika kopo," na nililishika, Mungu anisamehe, na wiki iliyofuata wateja watatu walinisimamisha kuniuliza glavu imepata ajali gani, naye nilipomwambia akasema watu hawana macho. Nilikasirika sana siku ile, kwa sababu watu walikuwa na macho, niliwaona mimi, mama mwenye tangi tupu anasimama dirishani, anaona glavu inakata kona, na mabega yanashuka kwa nafuu.

Wakati huo huo programu alizotumia hazikumpa nafasi ya kupumua, kila akizoea moja inatoka nyingine, na ile aliyochorea glavu waliifunga kabisa wenyewe walioitengeneza, mafaili yake yakawa hayafunguki popote isipokuwa kwenye ile mashine ya rangi ya maziwa, akaihifadhi kwenye chumba cha chini ya nyumba, karibu na tanuri la kupashia nyumba moto, anaiwasha kila mwezi kama mtu anayemwangalia mzazi. Vijana aliowafundisha wako hapa, watawaambia alichokuwa anawahubiria, kwamba programu inakupa rangi milioni lakini haikupi sababu ya kuchagua moja.

Mzee Skoglund alifariki, watoto wake wakauza kampuni, na mwezi Agosti 2016 wenye kampuni wapya wakaleta nembo yao, duara la buluu lenye mstari wa mshazari, na glavu zote zikabanduliwa. Nilimpelekea kipeperushi nikidhani nampelekea zawadi, akakishika mbali na uso kama samaki aliyeoza, akasema, "Nani kapitisha hii?" nikasema, "Si ulitaka ifutwe? Imefutwa," akanipigia kelele, "Nilitaka irekebishwe!" kisha akakaa kwenye ngazi akalia, na mimi sikuwahi kumwona akilia, hata tulipowazika wazazi wetu.

Mwezi Mei 2021 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akaanza matibabu katika hospitali ya hapa mjini, na nguvu zilipopungua alimwomba Eldon aipandishe ile mashine chumbani, akasema sasa hana mteja wala tarehe ya mwisho, hicho kidole gumba atakimaliza, na kwa majira yote ya mwaka jana alikichora upya kutoka mwanzo, kwa macho yake tu, bila kufungua faili la zamani, anasogeza, anatengua, anasogeza, Eldon anashikilia meza isitikisike.

Mchana wa tarehe 2 Januari alituita, akamwambia Britta afungue glavu ya mwaka 1988, aipake kijani, na aiweke chini ya ile mpya nyeusi, maana hivyo ndivyo wanavyopima, palipotofautiana kijani kitachungulia. Britta akaweka moja juu ya nyingine, tukaangalia, na kijani hakikuchungulia popote, isipokuwa nywele moja kwenye shina la kidole gumba. Marlys aliitazama muda mrefu, akasema polepole, "Kumbe kilikuwa mahali pake," na alicheka mpaka Eldon akamtafutia maji. Britta, mwana wa mama yake, akapeleka mkono kwenye kipanya aiondoe ile nywele, na dada yangu akamshika kiwiko, akasema neno ambalo katika maisha yetu yote hatukuwahi kulisikia kinywani mwake. "Iache, mwanangu."

Alifariki tarehe 9 Januari 2023, nyumbani kwake, akiwa amelala.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia hata alipowapangia upya mabango ya ukutani, akina Halvorson na majirani wote mliozoa theluji mlangoni kwetu na kutuletea bakuli za viazi na nyama, nawaomba radhi kwa lori miaka yote ile, wafanyakazi wenzake, na wenzetu wa uchapaji waliotoa karatasi hii bure, ambao juzi walitupigia simu kuuliza, kidole gumba cha ile glavu iliyochapwa hapo juu kimekaa upande, wakinyooshe?

Tuliwajibu wakiache.

Marlys, dada yangu, glavu yako imepita hivyo hivyo ilivyo, hakuna anayeirudisha, ondoa mkono mezani, lori lile, moyoni mwangu, nimeliegesha mbele ya nyumba yako. Pumzika kwa amani.