Joséphine Nzigire, Aliyesikia Kosa la Msomaji

Padri wetu, jamaa, majirani wa Kamembe, na ninyi mliovuka Rusizi tangu alfajiri kuja kutushika mkono: haya ndiyo maisha ya Joséphine Nzigire, ambaye wengi mlimwita Maman Mulume. Yameandikwa nyumbani kwake, na wifi yake Bernadette, dada mkubwa wa mume wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 8 Septemba 1943 huko Walungu, Kivu ya Kusini. Alikuwa mtoto wa nne wa mzee Muderhwa, mkulima wa migomba. Waliomjua utotoni walisema alikuwa mtoto wa kusikiliza. Mvua ilipoanza kunyesha juu ya migomba, alinyamaza mpaka ikatike.

Masomo yake ni mafupi kuandika. Aliingia shule ya misioni mwaka 1951, akakaa miezi mitano, mama yake akaugua, naye akarudishwa nyumbani kulea wadogo. Hakurudi tena. Wifi yake Bernadette alimaliza darasa la sita kwa masista, na siku hizo hapakuwa na mwanamke mwingine mtaani kwao aliyesoma barua bila kuifuatisha kwa kidole. Hilo limetajwa hapa kwa sababu bila hilo yanayofuata hayataeleweka.

Jumamosi tarehe 10 Agosti 1963 alifunga ndoa na Adrien Cubaka, mfanyabiashara wa vitambaa hapa Kamembe. Bernadette ndiye aliyemlea Adrien tangu mama yao alipofariki, na alimpokea bibi harusi huku akimtafutia kasoro. Alitafuta kwenye mapishi, hakuipata. Alitafuta kwenye usafi, kwenye salamu, kwenye heshima kwa wakubwa, akatoka mikono mitupu. Iliyobaki ni moja tu, kwamba bibi harusi hakujua kusoma, na Bernadette aliishikilia hiyo kwa miaka mingi.

Kazi ya marehemu ilikuwa maharage. Kila Jumanne na Ijumaa alipanda Nyakarenzo kuyanunua kwa wakulima, akayauza sokoni Kamembe, na hakuna mteja aliyewahi kumrudishia gunia. Adrien yeye alipita mpakani Ruhwa kwenda Bujumbura kuleta vitambaa. Mwaka 1968 alirudi na kitabu kisicho na jalada, kimesokomezwa katikati ya robota la kanga. Kilikuwa kitabu cha mashairi ya Kiswahili. Alimpa dada yake, maana nani mwingine angekisoma?

Ndipo Bernadette akaanza kuwasomea wamama wa kikundi cha parokia, kila Jumapili mchana. Walikuja hata kutoka Nyakabuye. Shairi walilolipenda lilikuwa lile la mama anayemngoja mwanawe. Lilichapwa kwa safu mbili, kushoto na kulia, na Bernadette, aliyezoea gazeti la misioni, alisoma safu ya kushoto mpaka chini, kisha akapanda kuanza ya kulia. Kwa miaka sita alisoma hivyo: mama yuko mlangoni, mwana yuko safarini, moto uko majivuni, jina liko mdomoni. Halafu: mvua yamnyeshea, njia imempotea, mkono wauchochea, hakuna wa kupokea. Vina vilikubali. Wamama walitikisa vichwa, wengine walifuta machozi, na Bernadette alifunga kitabu akijua hakuna wa kufanana naye.

Jumapili moja ya mwaka 1974, walipokuwa wakirudi nyumbani, marehemu alimuuliza swali dogo.

"Wifi, ule mukono unachochea nini?"

Bernadette alimwambia asikilize tu, mashairi yana mambo yake.

"Nimesikiliza. Mbele ya mukono umesoma njia. Njia haichochewe. Kinachochewa ni moto, na moto tumeuacha kule juu, iko peke yake ndani ya majivu. Na ile mvua inanyeshea nani? Mama ndiye iko mulangoni. Hawa bantu wametenganishwa, wifi. Macho yako yanashuka mpaka chini, kisha yanapanda tena; soma kwa kuvuka."

"Weye hata A haujue, unataka kunifundisha kusoma?"

"Kusoma sijue. Lakini moto ninauwasha kila siku."

Walipoachana njiani Bernadette hakumuaga. Alipofika kwake alifunga mlango, akafungua kitabu, akasoma kwa kuvuka, kutoka kushoto kwenda kulia:

Mama yuko mlangoni, mvua yamnyeshea,
Mwana yuko safarini, njia imempotea,
Moto uko majivuni, mkono wauchochea,
Jina liko mdomoni, hakuna wa kupokea.

Alikaa chini. Miaka sita alikuwa amewasomea watu mifupa upande huu na nyama upande ule.

Jumapili iliyofuata alilisoma linavyotakiwa. Hakuna aliyetikisa kichwa siku hiyo. Mama mmoja aliuliza kwa sauti ndogo jinsi Bernadette alivyogundua. Naye akasema, mbele ya kikundi kizima, kwamba alisali na kujifunza sana. Marehemu alikuwa ameketi nyuma na mtoto mapajani. Alipiga makofi pamoja na wengine. Wakitoka alisema tu, "Umesoma vizuri, wifi," na maneno hayo yalimchoma Bernadette kuliko tusi.

Lakini mambo ya namna hii hayafichiki. Wasichana wa sekondari walianza kwenda jikoni kwa marehemu na madaftari yao. Wao walisoma, yeye alitwanga sombe, majani ya mihogo, na kuwasimamisha walipokosea. Aliwafundisha kwamba kuna shairi linalotembea na kuna shairi linalokaa. Linalotembea lina safari, lina watu, unalisoma kwa kwenda mbele, msikilizaji asiachwe nyuma. Linalokaa lina moyo wa mtu mmoja, nalo usilikimbize. Alipowauliza lile la mama linahusu nini, wote walisema linahusu mtoto aliyepotea. Yeye alikataa. "Mutoto haiko pale. Tafuteni mwenye kuwa pale. Ni mama, na ule moto ni yeye." Bernadette alipita nje ya ua mara nyingi kuliko njia ilivyohitaji. Aliwaambia majirani kwamba siku hizi Maman Mulume anafundisha kusoma kwa mwiko. Walicheka, kisha wakawapeleka mabinti zao.

Ugonjwa wa kisukari ulimpata mwaka 1985. Kuanzia Januari mwaka huu 1989 hakuinuka tena kitandani. Bernadette alikwenda kila siku kumsomea, na hata hapo wivu haukumwacha, maana wageni waliingia wakimsalimu mgonjwa kwanza na msomaji baadaye. Mwanzoni mwa Machi, wakiwa wawili tu, Bernadette alianza kuzungumza habari za ile Jumapili. Alikwama katikati.

"Ile siku nilifurahi," marehemu alisema. "Ningesema mimi, nani angenisadiki? Kwa mudomo wako balisikia."

"Hata hukukasirika?"

"Nilikasirika sana. Nilitwanga sombe mpaka kinu kikapasuka, Adrien akaninunulia kingine." Alicheka mpaka akakohoa. "Weye bado uko na wivu, dada."

"Niko nao. Na sasa unataka kunitangulia hata huko."

"Soma," alisema marehemu. "Pole pole."

Alifariki Ijumaa tarehe 17 Machi 1989, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Siku hiyo ua ulijaa mpaka barabarani. Bernadette aliwahesabu waliokuja, kisha akaona aibu, akaacha kuhesabu.

Wamama wa kikundi walileta karatasi ya kuanzia wasifu huu. Waliandika kwa nia njema kwamba marehemu alijifunza mashairi kwa Bernadette. Bernadette aliisoma mara mbili. Ilikuwa tamu. Angeweza kuiacha ilivyo, na leo hapa kaburini hakuna ambaye angebisha. Ameifuta kwa kalamu yake mwenyewe, na ametaka isomwe mbele yenu kwamba aliyesikia kosa mwaka 1974 ni Joséphine Nzigire, wala si mtu mwingine, na kwamba hapakuwa na sala yoyote.

Marehemu ameacha mume, Adrien Cubaka; watoto watano: Mulume, Mwavita, Muderhwa, Espérance na Faida; wajukuu wawili; kaka mmoja Walungu; na wifi mmoja, Bernadette, mwanafunzi wake.

Mungu ampe pumziko lake, na amani iwe kwake.