Pesa ya Watoto Inaharibu Dossier

Kijiwe chetu kiko Point, Durban, nje ya saluni ya Mama Cathy, mahali ambapo kivuli cha ghorofa kinakaa mpaka saa sita mchana. Ni ubao mmoja juu ya kreti mbili za bia, na wenyewe ni watatu. Kuna Toronto, jina lake halisi Armel, mkimbizi wa Burundi anayesubiri UN impeleke Kanada tangu 2006, na ambaye huvaa koti la baridi hata Februari, Durban ikichemka, eti mwili uzoee. Kuna Ambassadeur, balozi wetu, yaani Baudouin wa Uvira, ambaye siku moja alimfungulia mlango wa gari mzungu wa UN, na tangu hapo anajua mambo yote ya Geneva. Na kuna mimi, Maître, yaani wakili, kwa sababu nilisoma sheria Bukavu mwaka mmoja. Sasa nalinda magari ya watu wanaokwenda kuogelea. Kahawa anatuuzia Ameir, Mzanzibari mwenye uvumilivu. Jumatano moja ya Novemba 2013, mwanamke mwenye bahasha ya kaki alitoka ndani ya saluni akasimama mbele yetu.

— Samahani, baba zangu, alisema. Naitwa Médiatrice. Nimetoka Isipingo, nimeanza kusuka hapa mwezi huu. Wameniambia iko mtu hapa anaitwa Maître, anajua Kiingereza.

Nikakaa wima. Toronto akasogea ili nionekane vizuri.

— Uko mbele yake, mama. Sema.

— Nataka kuwaombea mapacha wangu ile pesa ya serikali, three hundred rand kila mtoto. Niko na status ya ukimbizi, niko na vyeti vyao. Lakini karatasi ya status inaisha Ijumaa, na kupata mpya wanaweza kunipa tarehe ya mbali sana. Ikishaisha, pale dirishani pa kuombea pesa hawanipokei. Natafuta tu mtu wa kwenda na mimi kesho, anisaidie kuongea.

Toronto aliweka kikombe chini.

— Mama, usiende. Ile pesa inaharibu dossier, lile faili lako.

— Dossier gani?

— Ya Kanada! Ukikula pesa ya hapa, Kanada wanasema huyu ameshafika kwake, tumuache.

— Toronto anakuambia nusu, akadakia Ambassadeur. Ile ordinateur yao, kompyuta yao, iko na kamba inapita chini ya bahari mpaka Geneva. Unaweka kidole hapa Durban, kule taa inawaka. Bazungu banasema: tiens, Médiatrice anakula!

— Chini ya bahari? Ameir akauliza. Na papa je?

— Papa hawezi. Kamba iko ya chuma.

Niliona heshima yangu inapungua, nikaingia na sheria.

— Mama, kisheria hii inaitwa droit du lait, haki ya maziwa. Mtoto akikunywa maziwa ya nchi, anakuwa wa nchi ile. Sasa mapacha banakuwa ba hapa, wewe unabaki mukimbizi. Kanada haichukue mama bila batoto, wala batoto bila mama. Munakwama bote.

Sijawahi kusoma kitu kama hicho popote. Nilikitunga nikimeza kahawa, na kusema kweli kilinipendeza.

— Iko na article, kifungu chake? Ambassadeur akauliza kwa wivu.

— Quarante-sept, arobaini na saba, alinéa ya pili.

— Halafu iko ile picha! Toronto hakutaka kuachwa nyuma. Wanakupiga picha ya kadi. Wanaiweka kando ya picha yako ya zamani, wanaangalia mashavu. Mtu mwenye mashavu hapelekwi Kanada. Kule wanataka mukimbizi aliyechoka.

— Voilà! Ambassadeur akapiga paja. Ladislas wa Isipingo alichukua pesa ya mutoto mwaka jana. Mashavu ikatoka. Mpaka leo hajaenda Kanada!

Médiatrice alimtazama.

— Na nyinyi mmeichukua?

— Sisi? Jamais!

— Mbona bado muko hapa?

Tukanywa kahawa. Toronto alifunga kifungo cha juu cha koti.

— Yetu iko kwenye process, akasema. Process haina haraka.

— Jamani, leo mmepatikana, Ameir akasema, akacheka peke yake.

Nilidhani mama atakasirika aondoke, na hilo lingekuwa rahisi kwetu. Hakukasirika. Alijiegemeza ukutani, bahasha kifuani.

— Mimi nimeomba dakika kumi tu, mteja yuko ndani na nusu kichwa. Mapacha wanaingia darasa la kwanza Januari na sina hata viatu vyao. Baba yao alikwenda Joburg, hapigi simu. Lakini na mimi niko na dossier ya Kanada, sitaki kuiharibu. Kama ni kweli, niambieni ni kweli. Nitaacha, nirudi kazini.

Hakuna aliyesema si kweli. Akaanza kukunja vile vyeti viwili, kimoja juu ya kingine, akavirudisha ndani ya bahasha. Alikuwa anaacha kweli. Halafu mkono ukasimama.

— Lakini hii habari, nani aliwaambia?

— Inajulikana, akasema Toronto.

— Sawa. Wewe, nani alikuambia?

— Mimi? Ambassadeur.

— Na wewe?

— Maître, akasema Ambassadeur bila wasiwasi. Mutu wa sheria.

Wote wakanigeukia.

— Mimi nilisikia kwa Toronto, nikasema.

Ameir aliacha kumimina.

— Ngoja, akasema. Huyu kaambiwa na huyu, huyu kaambiwa na huyu, na huyu kaambiwa na yule wa kwanza. Sasa aliyeanza nani?

Upande wa pili wa barabara taxi ilipiga honi, hakuna aliyegeuka.

Jibu nililijua. Mwaka uliotangulia Élisabeth, mke wangu, alisikia kanisani kwamba wakimbizi wenye status sasa wanaweza kuomba. Akaniambia, Maître, nenda utuulizie. Nikaenda na shati jeupe. Yule mama wa dirishani akaniuliza kitu kwa Kiingereza cha mbio. Nikajibu yes. Akauliza tena, nikajibu yes. Mara ya tatu nikajibu yes, foleni nzima ikacheka, naye akamwita mwingine nyuma yangu. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Mlangoni Élisabeth akauliza, imekuwaje? Sikuweza kumwambia kwamba Maître ameshindwa kwa neno moja. Nikamwambia pesa ile inaharibu dossier. Kesho yake nilimwambia Ambassadeur vilevile, yeye akamwambia Toronto, wakaipokea, wakailisha kamba za baharini na mashavu, na iliponirudia imenenepa hivi kwamba hata mimi niliiogopa.

— Ni mimi, nikasema.

— Eish! Ambassadeur akaruka. Kumbe weye ndiye ulipata contact ya Geneva?

— Sina contact. Niliitunga. Dirishani Kiingereza kilinishinda, nikaona haya.

— Hata ile ya mashavu?

— Mashavu ni yako na Toronto.

Nilingoja wacheke. Ningefurahi wangecheka. Toronto alikuwa anatazama viatu vyake.

— Maître, alisema polepole. Mimi niko na watoto watatu. Niko na status tangu 2009. Estella, mke wangu, aliniomba twende, nikamugombeza.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Médiatrice alivitoa tena vyeti, akavinyoosha kwa kiganja.

— Kesho saa kumi na moja alfajiri niko kwenye foleni, akasema. Utakuja?

— Mama, umesikia Kiingereza changu.

— Nimesikia. Changu ni kibaya zaidi. Tutamwambia aseme polepole. Na kama hujui, unasema hujui. Usiseme yes.

— Mimi nakuja, akasema Toronto. Na Estella.

— Na mke wako, Médiatrice akaniambia, umwambie leo.

Akaingia ndani kumalizia kile kichwa. Ambassadeur aliomba kahawa nyingine, Ameir akasema imekwisha, ingawa birika lilikuwa bado linatoa moshi.

Nilipanda ngazi za ghorofa yetu taratibu, nikitafuta maneno. Élisabeth alikuwa anashona kola ya sare ya mtoto wetu, ile ile iliyogeuzwa mwaka jana ilipochakaa. Aliinua macho akatabasamu. Kwa mwaka mzima hakuwahi kuniuliza habari ile niliitoa wapi. Kwa kuwa niliyesema ni mimi, kwake ikatosha.